Nilivyowaongoza Watu hadi Mansfield

Jumatatu, 7 Aprili

Mkutano wa chama chetu cha watembeaji, hapa Seymour. Suala: nani ataongoza msafara wa njia ya reli ya zamani, Tallarook hadi Mansfield, kwa miguu, kulala kwenye mahema. Reli zenyewe ziling'olewa zamani. Sasa wanapita waendesha baiskeli na vichaa. Colin Treloar akainua mkono. Colin! Mtu anayevaa taa kichwani mchana. Nikasimama, nikatangaza kwamba njia ile nimeitembea yote, tena si mara moja. Ukweli: nimeiona kupitia dirisha la gari. Nimechaguliwa! Colin ni msaidizi wangu. Raha iliyoje.

Maureen, mke wangu, kacheka mpaka chai ikampalia. "Wewe, Nev? Wewe unayekwenda kununua gazeti kwa gari?"

Wivu tu.

Jumatano, 9 Aprili

Begi zito ni la wajinga. Leo nimepeleka chakula kwa gari hadi Molesworth, tutakapolala usiku wa pili. Nimekifukia chini ya mkaratusi: soseji zilizokaushwa, jibini, keki ya matunda ya Maureen (hajui). Wenzangu wakifika hoi, nitafukua karamu. Watalia kwa shukrani. Begini nimejaza mito ya kulalia. Kwa nje linaonekana begi la mwanamume hasa.

Ijumaa, 11 Aprili

Mazoezi ya hema uani. Maelekezo yameandikwa na adui wa binadamu. Hatimaye likasimama, mlango ukiangalia ardhini. Kukabara, ndege mwenye sauti ya kicheko, akanicheka kutoka kwenye waya wa umeme, utadhani kalipwa. Jirani akamsaidia. Nimeamua: hema atasimamisha Colin. Kazi ya kiongozi ni kuongoza.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumeondoka! Mimi, Colin, na mwenyekiti wetu Glenys, bibi aliyekwishavuka sabini. Nilitangulia nikipiga mluzi. Glenys akashangaa: "Mzigo wote huo, Nev, na bado unaruka kama kangaruu!" Nikajibu kwamba mwili wangu ndivyo ulivyo.

Heri ningefunga mdomo. Kamba ya begi la Glenys ikakatika, na Colin, kwa upole wa nyoka, akasema mbona mwenye nguvu tunaye. Nimelibeba mpaka mji wa Yea, tulipolala. Ndani mna sufuria la chuma. La chuma! Malengelenge miguu yote miwili.

Jumapili, 13 Aprili

Siku ya karamu. Nilichechemea kutwa, ndani ya handaki la zamani la treni na nje yake, nikijifariji kwa kuwaza soseji. Molesworth, jioni. Nikawapanga mbele ya mkaratusi, nikaanza hotuba. Nikageuka. Shimo! Mbweha wamefukua kila kitu. Karatasi zimetapakaa hadi barabarani.

"Keki yangu!" nikapiga kelele.

"Keki ipi, mzee?" akauliza Colin.

Basi ikawa kukiri, na begi kufunguliwa, na mito kutoka mmoja baada ya mwingine. Glenys alicheka mpaka akakaa chini. Colin hakucheka. Akapasha maharage yake, akanimegea sehemu kubwa, akaniambia taratibu kwamba goti lake moja limekwisha, kwamba tangu Tallarook anaogopa tutamwacha nyuma, na kwamba leo ndiyo mara ya kwanza amepumua. Maharage yalikuwa matamu, bahati mbaya. Kwa dakika nzima karibu nimpende.

Kisha nikawaza: goti bovu! Habari nzuri sana hiyo.

Jumatatu, 14 Aprili

Viatu haviingii. Maureen amekuja kunichukua kwa gari. Amesema neno moja tu, "Keki," njia nzima mpaka nyumbani. Wenzangu wameendelea bila kiongozi. Nawahurumia.

Alhamisi, 17 Aprili

Wamefika Mansfield, Colin na goti lake. Chama kizima kilikwenda kuwapokea, kikampigia makofi. Nami nimepiga, vidole viwili kwa viwili. Colin kanishika bega mbele ya watu, kasema bila Nev safari isingekuwa na ladha. Sijui nimpige au nimshukuru.

Halafu Glenys akatangaza kwamba mwezi ujao tutateremka mto Goulburn kwa mitumbwi, akauliza kama yupo mzoefu. Colin akatazama chini. Mkono wangu ukanyooka wenyewe. Nikawaambia karibu nizaliwe mtumbwini.

Kuogelea sijui. Lakini mto unateremka wenyewe. Uongozi ni kukaa mbele na kuonyesha kwa kidole.