Hisa za Magodoro, Siri Yangu Peke Yangu

Jumatatu, 3 Juni
Wageni watatu kiwandani, suti na viatu vya kung'aa. Wamepima ghala langu la magodoro kwa futi kamba. Mtu hapimi nyumba asiyotaka kuinunua. Kampuni inauzwa, na mtunza ghala ndiye pekee anayejua. Bei ya hisa moja: shilingi 40. Nitasubiri zishuke kidogo. Mwenye akili hakurupuki.

Jumatano, 5 Juni
47. Ajabu. Nani kavujisha? Mimi nimemwambia kinyozi tu, tena kwa siri. Na wateja wawili waliokuwa kwenye foleni.

Ijumaa, 7 Juni
55. Nimempigia dalali wa hisa. Anasema zinapanda tangu mwezi uliopita. Harufu ya mnunuzi hufika sokoni kabla ya mnunuzi mwenyewe. Nikauliza waliojua mapema ni kina nani. Akajibu, kwa upole wa daktari mwenye majibu mabaya, kwamba ni karibu kila mtu.

Jumatatu, 10 Juni
63. Nimechoka kuwa na busara. Nimeuza pikipiki, nimenunua. Dalali kapata muuzaji papo hapo: mama mmoja aliyekuwa akingoja bei hiyohiyo. Nimemhurumia. Watu wengine hawana subira. Mke wangu nimemwambia pikipiki iko kwa fundi.

Jumatano, 12 Juni
Imetangazwa. Kampuni imenunuliwa kweli. Nilipatia kila kitu isipokuwa bei: mnunuzi analipa 58 kwa hisa. Meneja kasema tupige makofi. Nimepiga.

Nyumbani, mke wangu anaimba jikoni. Kumbe marehemu mama yake alimwachia hisa za kiwanda chetu, na hakuwahi kuniambia, eti ananijua. Kaziuza Jumatatu. Kwa 63.

"Aliyezinunua simjui," akasema, "ila Mungu ambariki, maana akili hakumpa."

Nikaitikia amina. Akauliza pikipiki inatoka lini. Nikasema fundi anangoja spea. Akanihesabia pesa za spea, akaniongezea na za nauli. Nimezipokea nikiangalia chini.

Alhamisi, 13 Juni
Asubuhi nimeondoka na pesa za spea, nia yangu ikiwa njema kabisa. Kwenye kiwanda cha biskuti cha jirani nikamwona bwana mwenye tai na mkoba akiingia. Mlinzi akaniambia ni mkaguzi wa vizimamoto. Wamemfundisha vizuri.

Nimempigia dalali. Hisa za biskuti ni 22, na mwaka mzima hazijapanda hata senti. Akaniuliza kama hilo halinipi wasiwasi.

Wasiwasi wa nini? Safari hii kweli hakuna mwingine anayejua. Nimenunua.