Nyumba ya Kobe Si Mkahawa

Gazeti la wiki iliyopita lilitufikia kijiweni likiwa na doa la chai, na habari ya Kobe ilikuwa chini kidogo ya doa. Waandishi kutoka Taipei walikuwa wametaja mikahawa iliyo mizuri kupita yote ndani ya nyumba za zamani za Tainan, mji wetu huku kusini mwa Taiwan, na nyumba ya Kobe ilikuwamo. Walisifu mwanga wake, wakasifu ngazi ya mbao, wakasema supu ya samaki ina ladha ya nyumbani, ila mhudumu ana kisirani.

Tatizo ni kwamba Kobe hana mkahawa. Pale anaishi. Mhudumu mwenye kisirani ni yeye, na ile supu ilikuwa chakula chake cha jioni.

Kijiwe chetu ni viti vya plastiki ubavuni mwa hekalu, mbele ya kibanda cha A-Kim wa chai. Tunaokaa hapo tuna nyumba za mtaa huu, zile nyembamba na ndefu zilizobanana ukuta kwa ukuta, na kila aliyekarabati yake ana kovu. Dada Mchwa alifungua dari akakuta boriti zimeliwa zikabaki rangi tupu. Mzee Kigae alizunguka mabomoko ya mji mzima akitafuta vigae vya maua vifanane na vya sebuleni kwa babu yake, na hadi leo akimsalimia mtu anaangalia sakafu yake kwanza. Kobe jina lake ni Ong Bun-hiong. Alianza ukarabati mjukuu wangu akiwa hajaota meno, akamaliza mtoto yuko kwenye timu ya mpira ya shule. Ndiyo tukampa lile jina.

Mchwa alisoma ile habari kwa sauti, taratibu, akarudia hapo kwenye kisirani. A-Kim akacheka mpaka akaweka birika chini. Kobe hakucheka. Alikuwa amekunja mikono kama mtu aliyeshikwa na baridi, na joto lile la Tainan.

"Siok-hun kaondoka," akasema.

Siok-hun ni mkewe. Kobe akatueleza polepole. Tangu habari ile itoke, watu wanaingia tu. Wanavua viatu, wanakaa, wanauliza kama kuna keki. Siku aliyoondoka, mkewe alitoka bafuni na taulo, akakuta wasichana wanapiga picha ndoo ya kuogea. Mmoja akamwomba asogee kidogo, anaziba mwanga. Siok-hun akafunga begi, akapanda treni kwenda kwa dada yake Kaohsiung. Alisema atarudi siku atakapoweza kula uji kwake na nguo za kulalia.

Mtu mwingine angemwonea huruma. Kigae akamgeuzia kidole.

"Umejitakia, kaka. Mlangoni umeweka jani la porini kwenye chungu. Taa umeishusha mpaka inagusa meza, ya njano, kama mnatafuta kitu kilichopotea. Nani mwenye akili zake anakaa hivyo?"

Mchwa akadakia kwamba kwake taa ni zile ndefu nyeupe zinazomfanya kila mtu aonekane mgonjwa, pikipiki inalala sebuleni, na kalenda ya duka la mchele imetundikwa juu ya boriti mpya. Hajawahi kuulizwa keki. A-Kim akauliza, zile grili za dirishani je, na yale mabati ya mbele?

Kobe akainamisha kichwa. Alikuwa ameng'oa vyote. Alitaka nyumba irudi ilivyokuwa enzi za babu yake, kabla mama yake hajaipigilia mabati na plastiki kila mahali.

Mimi nilikuwepo siku mabati yanashushwa, nikamkumbusha. Siok-hun alisimama barabarani na kapu la nguo mbichi, akamwambia mumewe kwamba chini ya mabati yale ndipo anapoanika mvua ikinyesha. Kobe akamjibu mambo ya babu.

"Kwa hiyo unamtaka babu au unamtaka mke?" Mchwa akauliza. "Maana babu harudi na treni."

Kobe akaweka glasi yake chini. Halafu akainuka, akaenda kununua mabati.

Kesho yake tulimsaidia wote, yaani wanaume walipanda ngazi nasi tukawatukana kutoka chini. Kigae alishika bati la kwanza akakataa kulipandisha, akasema mkono wake hautaki. Akatumwa kutandika plastiki ya maua kwenye meza, nayo akaitandika kama anamfunika marehemu. Jani la porini nikalihamishia uani kwangu. Tukafunga taa nyeupe, tukaingiza pikipiki, tukatundika kamba ya nguo mbele. Ilikuwa nyumba mbaya. Ilikuwa kama zetu.

Kobe akapiga simu Kaohsiung, na Siok-hun akarudi Jumamosi na begi lake. Akatazama mabati juu, akayagonga kwa kishikio cha mwavuli yakalia. Hakusema asante. Akaingia, akakaa sana ndani, na sisi tukabaki ng'ambo ya barabara, kijiweni, tukijifanya tunakunywa chai. Alipotoka alikuwa na suruali ya kulalia yenye bata, nywele zimesimama, bakuli la uji mkononi. Akakaa kizingitini, akala.

Vijana wawili wakaja na kamera, msichana na mvulana. Wakatazama simu, wakatazama pikipiki, wakatazama bata. Wakageuka kuondoka. Kobe, aliyekuwa mlangoni, akashusha pumzi hadi tukaisikia tulipokaa.

"Wanangu," Siok-hun akaita, "mmetoka mbali?"

Wakasema Taipei, na kwamba wamepotea, samahani sana.

"Mmekula?"

Msichana akatikisa kichwa.

"Shemeji," Mchwa akapaza sauti kutoka ng'ambo, "hao ndio walewale."

"Siyo," akajibu, akijifuta mdomo. "Wale walijiingiza. Hawa nimewaita mimi. Viatu hapo, picha hapana. Bun-hiong, uji umebaki kidogo, bandika mwingine."

Kobe alitutazama kama anayetaka shahidi. Kigae akashughulika na kamba ya kiatu, Mchwa akakumbuka nguo zake juani, nami nikamrudishia A-Kim glasi. Kobe akaingia jikoni peke yake, tukamsikia akiuliza kwa unyonge kama wageni wanatumia tangawizi.