Kamati ya Kutambua Wanasayansi

Wananchi mnatangaziwa kwamba tangu Juni 1997 hakuna mtu anayeitwa mwanasayansi huku Mkunya na vitongoji vyake kabla ya kupitishwa na Kamati ya Utambuzi wa Wanasayansi, ambayo mimi ni Katibu wake. Vigezo hatukuviokota jalalani. Tulikaa wiki tatu mbele ya televisheni ya gesti, tukiandika. Mwanasayansi huvaa koti jeupe. Nywele zake zimesimama. Ana chupa zinazotoa moshi, hamsikilizi mtu, na hugundua dawa kabla ya taarifa ya habari.

Wa kwanza kufika mbele yetu alikuwa Anjelina, mtafiti wa korosho. Alikuja kwa baiskeli, kajifunga kanga, viatu vimejaa udongo.

"Shikamooni. Ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, umeshaingia kwenye maua ya mikorosho. Salfa ipulizwe wiki hii, alfajiri, umande haujakauka. Tukichelewa, maua yote yatapukutika."

"Marahaba. Umejuaje?" akauliza Mwenyekiti.

"Nimekagua mikorosho mia nne kwa wiki mbili. Mmoja mmoja."

Tulitazamana kwa huruma. Wiki mbili! Kwenye televisheni mtu huchungulia darubini mara moja, akapiga kelele, kwisha.

"Na moshi wako uko wapi?" nikamuuliza.

Akasema hana. Tukamkata jina.

Mwanasayansi tulimpata Masasi: Mrisho, mpiga picha za harusi, mwenye koti jeupe na nywele za kuridhisha. Alichemsha maji ya rangi tatu, akacheka peke yake dakika nzima. Tukampitisha kwa kauli moja na kuagiza mikorosho yote ifukizwe kwa moshi wake.

Wakulima wakakaidi. Mzee Bwanali, ambaye mikorosho sitini ndiyo riziki yake yote, alisimama mkutanoni.

"Mheshimiwa, koti la mtu mimi silili. Mama Huruma," yaani Anjelina, "kapanda mpaka juu ya mti wangu. Huyu wenu hata jani hajaligusa."

Kesho yake alfajiri kijiji kizima kilikuwa kinapuliza salfa, waliyoipata kwa mfanyabiashara binafsi. Soko huria limewaharibu watu hawa. Zamani wangengoja kibali, nasi tungekitafuta kwa utaratibu.

Sisi viongozi tulibaki na sayansi. Mashamba yetu kumi na mawili yalifukizwa asubuhi na jioni.

Oktoba wakaja watu wa televisheni kutoka Dar es Salaam. Tukavaa suti, tukampanga Mrisho mbele. Wao wakamtafuta Anjelina! Akawapeleka kwa Bwanali, ambako matawi yalikuwa yameinama kwa korosho, kisha akawaleta shambani kwa Mwenyekiti. Chini kulikuwa na maua meusi. Juu hapakuwa na kitu.

"Kila jaribio linahitaji shamba lisilotibiwa, la kulinganishia," Anjelina akaiambia kamera. "Mwaka huu hakuna mkulima aliyekuwa tayari kupoteza mavuno yake. Waheshimiwa hawa wakajitolea, wote kumi na wawili. Nawashukuru sana."

Mwenyekiti alitabasamu, akampa mkono. Jioni ile Kamati ilikutana kwa dharura na kupitisha kwamba tumesifiwa. Nami nilinyoosha mkono wa ndiyo, kisha nikaenda kwa mama yangu kumweleza kwa nini nilimfukizia na mikorosho yake.