Treni Moja kwa Mwaka, na Delbert Juu Yake

Jumatatu, 2 Desemba

Nimetoka kikaoni na hasira hadi nimerudi nyumbani na kofia ya mtu mwingine. Ya kike. Verna, mke wangu, aliitazama, akaitundika mlangoni. Amenizoea.

Mambo ni haya. Treni ya Krismasi itasimama hapa Dunmoyle, mji wetu mdogo, Jumanne ya wiki ijayo, saa kumi na moja kasorobo jioni. Nusu saa tu. Mabehewa kumi na manne yenye taa kila kona. Behewa moja hufunguka ubavuni likawa jukwaa, waimbaji wanaimba, watu wanaleta chakula cha stoo ya msaada, inayogawia familia zenye shida, kisha kampuni ya reli inatoa hundi ya karatasi ngumu, kubwa kama mlango. Mtu mmoja wa mji hupanda kuipokea kwa niaba ya stoo. Kwa miaka sita mfululizo mtu huyo ni Delbert Thiessen. Muuza misumari! Miaka yote sita nimegoma kwenda. Hubaki nyumbani, naziona taa kwa mbali kupitia dirisha la jikoni, namlaani Delbert.

Delbert anajua nini kuhusu reli? Baba yangu alikuwa mnyapara wa reli hii miaka thelathini na moja. Mimi mwenyewe nilipakia ngano kwenye mabehewa mpaka siku walipolibomoa ghala la nafaka la hapa. Tangu hapo treni zinapita Dunmoyle bila hata kupunguza mwendo, kana kwamba hatupo. Husimama hii moja tu, mara moja kwa mwaka, na anayeikanyaga ni Delbert! Nataka niikanyage treni ile kabla sijafa. Sitaki kingine.

Leo nilisimama nikayasema yote hayo mbele ya kamati. Eunice Halvorson, mwenyekiti wa stoo, akasema sawa, Orest, tumekusikia, kaa chini ule biskuti. Kisha akatoa uamuzi: atakayeleta chakula chenye uzito kuliko wote kufikia Jumatatu ijayo saa sita mchana ndiye atakayepanda. Akaongeza kwamba familia zinazotegemea stoo mwaka huu zimefika arobaini na moja, kwa hiyo tushindane tu, hatakataa.

Delbert akatabasamu, akanipigapiga begani. Begani! Mimi si farasi wake.

Jumatano, 4 Desemba

Nimeshinda tayari. Nilishinda, yaani, hadi saa nne asubuhi.

Nilikumbuka bitiruti za Verna. Kila mwaka anazisindika kwenye siki, anazipanga kwenye chumba cha chini ya nyumba, na hatuzimalizi. Chupa arobaini na nne za vioo. Nzito! Verna alikuwa kwa dada yake. Nilizipandisha zote peke yangu, na mgongo huu, nikazipeleka stoo.

Eunice hakuinua hata moja. Akasema chakula kilichosindikwa nyumbani hakipokelewi, ni kanuni za afya, imeandikwa pale ukutani. Nikamwambia bitiruti hizi zimelisha familia yangu miaka arobaini na hakuna aliyekufa. Akasema Orest, hata angezisindika malaika, zirudishe. Sheria gani hii inayomkataa malaika?

Nimezirudisha. Moja ilianguka ngazini. Verna alikuta zulia jekundu na mimi nimepiga magoti na kitambaa. Aliniuliza kwa upole sana nilikuwa napeleka wapi bitiruti zake. Upole ule siupendi. Nimelala kwenye kochi.

Alhamisi, 5 Desemba

Leo nimepita nyumba kwa nyumba kuomba makopo. Nyumba ishirini na tatu, baridi nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri. Kila mlango jibu ni lile lile: pole Orest, tumeshampa Delbert.

Kumbe ameweka boksi dukani kwake. Ukitia kopo unapewa tiketi ya bahati nasibu, na zawadi ni fagio jipya la mchezo wetu wa kutelezesha mawe kwenye barafu. Huo ni ununuzi wa roho za watu! Mji mzima huu ungeuza bibi yake kwa fagio la namna ile. Nimeingia dukani kumwambia hivyo. Akasema kwa sauti tamu, "Weka na wewe kopo, Orest, bahati haina mwenyewe." Nikatoka. Nilirudi baadaye kuchungulia fagio. Ni fagio zuri. Hilo ndilo linalonikera.

Mtu pekee aliyenipa kitu ni Bi Tekla Wasylyk, mjane wa nyumba ya mwisho. Kopo la malenge na kopo la dagaa. Akanishika mkono, akaniambia nimjibu kweli: ni ya stoo au ni ya kwangu? Swali gani hilo? Nikamwambia ni ya stoo. Akasema basi nisiyaweke mfukoni. Nimeyaweka kwenye kiti cha mbele cha pikapu, mahali penye heshima.

Ijumaa, 6 Desemba

Akili! Akili, ndugu zangu!

Nimeendesha kilomita themanini hadi kwa muuza vyakula wa jumla ambaye siku nyingi ameitamani mashine yangu ya kurushia theluji. Tumebadilishana. Yeye kachukua mashine, mimi nimechukua katoni sitini za makopo ya nyanya na maharage. Sitini! Pikapu imeinama nyuma kama inasali. Delbert na fagio lake wataniona Jumatatu.

Siri ni kila kitu. Nikizishusha ndani ya nyumba, Verna ataona, Verna atamwambia Eunice, Eunice atasema mbele za watu, na Delbert atatafuta katoni sitini na moja. Kwa hiyo zimebaki nyuma ya pikapu chini ya turubai, uani. Injini nimeichomekea waya wa umeme ipate joto, maana redio inasema wikiendi baridi itakuwa kali. Mimi hufikiria kila kitu.

Jumapili, 8 Desemba

Nyuzi thelathini na sita chini ya sifuri. Theluji imeanguka usiku kucha, sasa iko magotini. Verna aliniuliza iko wapi mashine ya theluji. Nikasema imepumzika. Akanipa koleo.

Nimesukuma theluji kwa mkono kwa muda wa saa tatu nzima. Delbert alipita na mashine yake, akapunguza mwendo, akaniuliza kuna nini chini ya turubai. Vipuri, nikasema. Akasema vipuri vingi hivyo, bwana, unaunda pikapu nyingine? Akaondoka akicheka peke yake. Cheka. Cheka leo, kesho ni Jumatatu.

Kanisani nilimwombea ashindwe kwa heshima. Nadhani hilo linaruhusiwa.

Jumatatu, 9 Desemba

Sitaki kuandika. Naandika kwa sababu lazima mtu aandike ukweli wa siku hii.

Saa tano na nusu niliirudisha pikapu kinyumenyume hadi mlango wa stoo. Watu wamejaa. Delbert kasimama kando ya mzani, kilo mia nne na kumi na mbili zimeshaandikwa ubaoni. Nikavuta turubai kwa mkono mmoja, kama nilivyokuwa nimefanya mazoezi.

Halafu mtu mmoja nyuma akasema, "Mama yangu!"

Makopo yalikuwa yameganda na kuvimba. Yaliyovimba kidogo yamekuwa mviringo. Yaliyovimba sana yamepasuka, na nyanya zimetokeza kwenye mishono, nyekundu, ngumu kama jiwe. Katoni sitini! Eunice aligusa moja, likabingirika, likaanguka, likalia kama kengele. Akasema kopo lililovimba halipokelewi. Imeandikwa pale ukutani, chini ya kanuni ya bitiruti.

Delbert hakucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Aliniuliza kwa sauti ya kumsemesha mgonjwa: "Orest, injini uliichomekea?" Nikasema ndiyo, kwa nini nisiichomekee, mimi ni mtoto? Akasema, "Basi injini ulijua itaganda, makopo je?" Watu wote wakatazama waya uliokuwa unaning'inia mbele ya pikapu. Nina miaka sitini na nne, yote nimeishi jimbo hili la Saskatchewan, na baridi hii. Hapa watu hushusha makopo kabla ya kushusha watoto.

Mzani ulinihesabia kopo la malenge na kopo la dagaa. Hayo hayakuganda, kwa sababu jana niliyatoa kwenye kiti cha mbele nikayaingiza nyumbani nikitamani dagaa, halafu nikaona aibu, sikuyala. Gramu mia tisa. Eunice aliziandika ubaoni chini ya jina langu kwa mwandiko mzuri kabisa.

Bi Tekla alikuwa pale na kapu lake. Kumbe na yeye yumo kwenye zile familia arobaini na moja. Alitazama nyanya, akasema zingefaa sana kwa supu. Hapo niliona aibu ya kweli, nikataka kumwambia kitu. Kisha nikamwona Delbert anapokea pongezi na hasira ikarudi.

Jumanne, 10 Desemba

Uzito ni kitu kimoja. Kupanda ni kitu kingine. Niliamka na mpango.

Nililivaa koti la baba la reli, lenye vifungo vya shaba. Nani atamshusha mtu mwenye koti la reli kutoka kwenye treni? Jukwaa likifunguka tu, mimi ningekuwa wa kwanza ngazini, nimeshapeana mikono na waimbaji wote kabla Delbert hajavua glavu. Nilipiga hesabu behewa litasimama wapi. Nikaenda saa tisa na kiti changu, upande wa kaskazini wa reli, pale pale abiria walipokuwa wanashukia enzi za baba.

Watu walianza kufika saa kumi. Wote upande wa kusini! Mji mzima, na vikombe vyao vya kakao ya moto. Verna alinipigia kelele ng'ambo ya reli kwamba niko upande mbaya. Nikampungia mkono. Nilimhurumia.

Treni ikaja. Sitasema uongo, ni nzuri. Theluji yote ikawa nyekundu, kijani, buluu. Ikasimama, taratibu, mbele yangu, na mimi nikanyoosha koti. Jukwaa likafunguka.

Upande wa kusini.

Nimesimama nyuma ya treni nzima! Mabehewa kumi na manne kati yangu na dunia! Nasikia magitaa, nasikia watu wanashangilia, na mimi natazamana na ubavu wa behewa uliochorwa mtu wa theluji anayecheka. Nilianza kukimbia kuelekea kichwa cha treni nizunguke. Theluji kiunoni. Kila hatua nilizama. Nilipofika kwenye injini sikuwa na pumzi hata ya kulaani.

Dirisha likafunguka juu yangu. Dereva, dada mmoja wa Kipunjabi mwenye miwani, akasema, "Wewe mzee, unafanya nini huku peke yako? Utaganda!" Nikataka kumjibu vikali, meno yakanigongana. Akaliangalia koti. Akauliza nimelitoa wapi. Nikamwambia. Nilimwambia habari za baba, miaka thelathini na moja, na ghala, na jinsi treni zinavyotupita. Sijui kwa nini nilimwambia yote hayo. Akafungua mlango. Akasema, "Panda, baba. Dakika tatu."

Nikapanda. Mimi Orest Hnatiuk nilikanyaga treni ile. Ndani kuna joto na harufu ya chai ya iliki. Akanikalisha kwenye kiti chake. Mbele yangu reli zinakwenda moja kwa moja hadi zinapotelea kwenye theluji, zile zile alizozilaza baba, na machozi yalinitoka, na si kwa baridi. Akanionyesha honi.

Hapo hapo kipaza sauti kikaleta sauti ya Delbert. Anashukuru. Anasema kwake yeye reli ni kama damu. Damu! Mkono wangu ukavuta honi. Sikukusudia. Nilikusudia. Ililia mpaka madirisha ya Dunmoyle yakatetemeka, nikavuta tena, na hotuba yote ya Delbert ikaenda na maji. Dereva akanishusha haraka kidogo.

Treni iliondoka. Hakuna aliyeniona juu yake. Hakuna aliyepiga picha! Verna alinikuta ng'ambo nimesimama na kiti mkononi, akasema pole, mume wangu, mwaka huu pia hukuipanda. Nikimwambia niliipanda, atajua honi ilikuwa ya nani. Nisipomwambia, sikuipanda. Huu ni uonevu wa aina yake!

Jumatano, 11 Desemba

Delbert amekuja mlangoni asubuhi. Alikuwa ameshaondoa theluji yote uani kwangu kwa mashine yake, bila kuombwa, jambo ambalo tayari lilinitia wasiwasi. Kavua kofia. Akasema hundi ya jana ni kubwa kuliko ya mwaka jana, na Eunice ameshaagiza nyanya. Akasema jana pale jukwaani alipotaja reli, alimwona Verna chini anafuta macho, akamfikiria baba yangu, akaona haya. Akasema, "Orest, mwakani panda wewe. Nimeshamwambia Eunice. Bila mzani wala nini. Ni haki yako."

Nilimtazama vizuri. Mtu hakupi kitu alichokishika miaka saba hivi hivi. Ana lake jambo! Labda mwakani jukwaa litakuwa bovu. Labda ameahidiwa kikubwa zaidi. Nikamwambia mimi si wa kutupiwa mabaki, treni ile siichukui kama sadaka, na amwambie Eunice anifute. Akauliza kama nina hakika. Nikasema hakika tupu. Akavaa kofia, akaenda.

Verna alikuwa nyuma yangu. Alikaa kwenye ngazi, kichwa mikononi.

Baada ya chakula cha mchana nilinunua daftari jipya. Ukurasa wa kwanza nimeandika: namna ya kumpokonya Delbert nafasi ile mwakani. Tayari nina njia tano.