Waziri Prunty Ajibu Kuhusu Kituo cha Haki cha Carrowmurrin

(Bungeni Dublin, kipindi cha maswali, Jumatano baada ya chakula cha mchana. Mheshimiwa Gráinne Loughnane wa upinzani ameuliza: je, Waziri wa Haki atafuta amri ya kumrudisha kwao Bi Sithabile Mlilo, Mzimbabwe aliyeomba hifadhi, anayetakiwa kupandishwa ndege Ijumaa hii kwa sababu moja tu, kwamba asubuhi ya tarehe kumi na mbili Machi hakutokea kwenye rufaa yake? Na je, hilo jengo aliloitwa liko wapi? Waziri, Mheshimiwa Malachy Prunty, anasimama. Anafunga kifungo cha koti. Kinafunguka chenyewe.)

Mheshimiwa Spika, Waheshimiwa Mawaziri wenzangu, wa sasa, wa zamani, na wale wanaodhani zamu yao inakuja, Makatibu Wakuu, makatibu wadogo na makatibu wa makatibu, Baba Paroko wa Carrowmurrin, ambaye hayupo lakini ananisikiliza redioni, mke wangu Assumpta, ambaye yupo lakini hanisikilizi (kicheko), na ninyi wananchi wa jimbo langu mliojaa roshani ya wageni na chupa zenu za chai, ambazo kwa mujibu wa kanuni haziruhusiwi, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa tutaiundia kamati.

Mheshimiwa Spika, swali la Mheshimiwa Loughnane nimelipokea, nimelipenda, nikalikabidhi kwa wataalamu, nao wamelirudisha likiwa limenona. Ameniuliza juu ya mtu mmoja. Serikali hii haishughulikii mtu mmoja mmoja, inashughulikia watu kwa ujumla wao, na kwa hiyo, ili kumtendea haki huyo mmoja, naomba nianzie mbali kidogo, kwenye dira, nipitie mkakati, nikate kona kwenye mpango kazi, kisha muda ukiniruhusu nimfikie.

(MHE. DINNY QUILLIGAN, mbunge huru, kutoka viti vya nyuma: Utamfikia angani, Malachy! Ijumaa si keshokutwa?)

Mheshimiwa Quilligan atulie. Yeye ni mfugaji, anajua kwamba ndama hazaliwi kwa kupigiwa kelele.

(MHE. QUILLIGAN: Lakini huwa anazaliwa!)

Nianze na polisi. Nilipoingia wizarani, kituo cha polisi cha Carrowmurrin kilikuwa kinafunguliwa Jumanne tu, kwa saa moja, na katika saa hiyo wananchi walipanga foleni kuripoti kuibiwa kondoo, kuibiwa dizeli, na safari moja kuibiwa sanamu ya Mtakatifu Brigid pamoja na taa zake. Tukakaa na wadau. Tukafanya upembuzi yakinifu. Tukakifunga. Mheshimiwa Spika, nasimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa kulitangazia Bunge lako tukufu kwamba tangu tukifunge, uhalifu unaoripotiwa katika kituo hicho umeshuka kwa asilimia mia moja. (Makofi upande wa Serikali.)

(MHE. QUILLIGAN: Tungeripoti kwa nani, kwa mlango?)

Na mlango wenyewe umepakwa rangi.

Nije mahakama. Paa la mahakama ya zamani ya Carrowmurrin lilianguka siku ya Jumapili, siku isiyo na kesi, jambo linalothibitisha ubora wa ratiba yetu ya matengenezo. Tangu siku hiyo hakimu, pamoja na jopo la rufaa za hifadhi, anakaa kwenye ukumbi wa dansi wa hoteli ya mjini, pale jukwaani pa bendi, chini ya lile tufe la vioo linalozunguka. Washtakiwa wanaingia kwa mlango wa maharusi. Wapo walionung'unika, eti mwezi uliopita bwana mmoja alisomewa miezi mitatu huku nyuma yake mtu anajaribu kodiani. Mimi nasema huo ni ubunifu. Na ghorofani, katika hoteli hiyohiyo, Wizara yangu imewapa makazi waombaji hifadhi sitini na mmoja, miongoni mwao huyo Bi Mlilo, ambaye kwa taarifa nilizo nazo hufanya kazi ya kuwalisha na kuwaogesha wazee katika nyumba ya wazee ya mji ule. Mheshimiwa Spika, huo ndio utoaji wa huduma jumuishi na mtambuka: unalala juu, unahukumiwa chini. (Makofi.)

(MHE. LOUGHNANE: Taarifa, Mheshimiwa Spika. Kama jopo la rufaa lilikaa chini ya kitanda chake, kwa nini wito wake ulimtaka aende Kituo cha Haki, barabara ya kinamasi, maili nne nje ya mji?)

(SPIKA: Waziri, unaipokea taarifa?)

Naipokea kwa mikono miwili, maana inanipeleka kule nilikokuwa naelekea. Kituo cha Haki cha Carrowmurrin! (Makofi.) Mahakama, polisi na ofisi ya hifadhi chini ya paa moja, paa la vigae vya kijani, lenye uwezo wa kuhimili upepo wa magharibi! Mtu anaingia asubuhi ameibiwa, anatoka mchana na hukumu, na kama ni mgeni anatoka na hifadhi yake, na mgahawa upo, wenye mkate wa soda. Mradi wa kielelezo. Wenzetu wa Ulaya wameomba kuja kujifunza, nasi tumewaomba wasubiri kidogo.

Sasa, kuna serikali zinazojenga kwanza ndipo zibadilishe anwani. Hiyo ni mentaliti ya zamani. Sisi, siku ile nilipoteuliwa na kutia beleshi la kwanza ardhini, jioni yake tayari anwani mpya ilikuwa imewekwa kwenye kila wito unaotoka wizarani. Anwani ilitangulia. Wanajopo wao hawakuarifiwa, kwa sababu utaratibu unasema wataarifiwa siku ya ufunguzi, kwa hiyo wakaenda hotelini kama kawaida yao. Na walitenda haki kikamilifu. Jina la Bi Mlilo liliitwa mara tatu: mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida, mara ya pili kwa sauti ya juu, mara ya tatu kwa maikrofoni ya bendi. Hakuitika. Rufaa ikatupwa. Mheshimiwa Spika, sina budi kuwa mkali. Sheria ni msumeno, na wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. (Vigelegele upande wa Serikali. Mtu anagonga meza.)

(MHE. LOUGHNANE: Na yeye alikuwa wapi?)

Hilo ndilo mwulizeni yeye! Mimi nitajuaje mwanamke fulani alikuwa wapi asubuhi fulani ya Machi? Mimi asubuhi ile nilikuwa kazini. Tena kwa kuwa Mheshimiwa ameitaja tarehe kumi na mbili Machi, niruhusuni nilieleze Bunge kazi iliyofanyika siku hiyo, maana magazeti hayakuitendea haki.

Siku hiyo, Mheshimiwa Spika, palepale kwenye eneo la mradi, nilitia beleshi la kwanza kwa mara ya tatu. (Kicheko upande wa upinzani.) Chekeni. Mtangulizi wangu alilitia kabla ya uchaguzi uliopita, mimi nikalitia nilipoteuliwa, na Machi nikalitia tena, kwa sababu beleshi la kwanza ni kama ubatizo, haliwi la kwanza kwa sababu ya hesabu, linakuwa la kwanza kwa sababu ya imani. Baba Paroko alilinyunyizia maji ya baraka. Mvua nayo ikanyunyizia. Bendi ya shule ilipiga, akina mama wa parokia walileta sandwichi za nyama, na mimi, kwa buti zangu za mpira, nikakata pande la majani lilelile, kwenye alama ileile, kwa maana mzee Packie Tansey, mwenye shamba, hulirudisha kila tukiondoka na kulishindilia kwa kisigino ng'ombe wasivunjike miguu. Pande moja, sherehe tatu. Nani tena hapa atanifundisha kubana matumizi?

(Ofisa wa Wizara, kiti cha nyuma ya Waziri, anampitishia kikaratasi. Waziri anakitia mfukoni.)

Asante, najua. Na mwitikio wa wananchi! Mvua ile, matope yale, na bado watu walikuja. Ngoja niwape mfano mmoja hai. Nimeshika beleshi, mpiga picha anasema Waziri, tabasamu, mara namwona mama mmoja anakuja peke yake kutoka barabarani, kwa miguu, viatu vya ofisini, skafu ya njano, matope hadi magotini, ameshika karatasi yake ndani ya mfuko wa plastiki.

(Mhe. Loughnane anaweka kalamu chini.)

(MHE. LOUGHNANE, kwa upole: Endelea, Waziri. Ilikuwa saa ngapi?)

Saa nne kasoro, kabla ya hotuba yangu. Nafurahi Mheshimiwa leo ameanza kupenda maendeleo.

(MHE. LOUGHNANE: Nayapenda sana. Alisema nini huyo mama?)

Alinyoosha ile karatasi, akaniuliza, "Samahani, baba, Kituo cha Haki ndiyo hapa?" Nikamwambia, "Ndiyo hapa hasa, mama!" Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akasema, "Naona ng'ombe tu." Nikamwambia mwenye maono haoni ng'ombe. Akasema, "Mimi nimekuja kwa kesi yangu, nimeambiwa saa nne." Mheshimiwa Spika, nilisisimka! Jengo bado, na tayari mwananchi anadai huduma! Nikampa mkono, tukapigwa picha wote wawili, na picha hiyo iko ukutani wizarani, mnaposubiri lifti.

(Ofisa anampitishia Waziri kikaratasi cha pili, kisha anamvuta koti.)

Niache, bwana, namalizia.

(MHE. QUILLIGAN: Mwacheni amalizie! Sijawahi kumsikiliza mtu huyu kwa raha namna hii!)

(MHE. LOUGHNANE: Baada ya picha ulimwambia afanye nini, Waziri?)

Nilimwambia asubiri. "Umefika, mama," nikamwambia, "simama hapohapo, utaitwa." Ni lugha ya kutia moyo tu. Sisi tukaondoka, maana nilikuwa na ufunguzi mwingine wa kisima. Baadaye Packie aliniambia kwa simu kwamba mama yule alisimama pale hadi jioni, ng'ombe walipopelekwa kukamuliwa, ikabidi amrudishe mjini kwa trekta. Anasema njiani mama hakulia wala nini, aliuliza tu kama kuna mlango upande wa pili wa shamba. Ndio uraia mwema huo, hata kama mtu bado si raia. (Makofi machache. Yanakoma.)

Kwa hiyo, Mheshimiwa Spika, nahitimisha. Jumamosi ijayo tunatia beleshi la nne, na wote mnakaribishwa, buti ni juu yenu. Nikisema "Haki", semeni "karibu zaidi". Haki!

(UPANDE WA SERIKALI, bila kukolea: Karibu zaidi.)

Haki!

(UPANDE WA UPINZANI, kwa nguvu zote: Karibu zaidi!)

Polisi jirani, mahakama jirani, mgeni jirani! Carrowmurrin yaweza! Na sasa shukrani, maana asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hashukuru. Namshukuru Packie Tansey, kwa kukubali kutuazima malisho yake kila tunapohitaji, kwa kuwa hatujawahi kuyanunua. Namshukuru msanifu majengo, ambaye yuko tayari kuchora ramani siku yoyote tutakapomwajiri. Namshukuru Waziri wa Fedha, ambaye hajaukataa mradi huu hata mara moja, kwa sababu hajawahi kuletewa. Nawashukuru akina mama kwa sandwichi, ambazo mpaka sasa ndicho kitu pekee kilichokamilika kwa asilimia mia. Na kwa namna ya pekee namshukuru yule mama wa Machi, ambaye, jamani, siamini macho yangu, si yule pale roshani? Yule, mwenye skafu ya njano ileile! Simama, mama, simama wakuone!

(Roshani ya wageni: mwanamke anasimama. Amevaa sare ya kazi ya nyumba ya wazee chini ya koti. Jirani yake, mzee mwenye kofia ya kitambaa, anasimama naye.)

Na Packie huyo hapo pembeni yake! Hujambo, Packie?

(SPIKA: Wageni hawaruhusiwi kusema.)

(MHE. LOUGHNANE: Basi nitasema mimi kwa niaba yao. Waziri, unathibitisha mbele ya Bunge hili kwamba huyo ndiye uliyempa mkono tarehe kumi na mbili Machi, saa nne kasoro, mahali palipotajwa kwenye wito wake?)

Nathibitisha, nasisitiza, na picha naiweka mezani, nakala mbili!

(MHE. LOUGHNANE: Huyo ndiye Sithabile Mlilo. Umesema asiyekuwepo na lake halipo. Na aliyekuwepo, je?)

(Waziri anatoa kikaratasi cha kwanza mfukoni, anakisoma. Anatoa cha pili, anakisoma pia. Vyote viwili vimeandikwa neno moja: NYAMAZA. Anamwangalia Katibu wa Bunge.)

Hilo limeandikwa?

(KATIBU WA BUNGE: Limeandikwa, Waziri. Lote.)

(MHE. QUILLIGAN: Toka kule mvuani kwa Packie, Malachy. Utapata homa.)

(Waziri anafunga kifungo cha koti. Safari hii kinashika.)

Mheshimiwa Spika, kama nilivyokuwa nikieleza tangu mwanzo, Serikali hii humshughulikia mtu mmoja mmoja. Amri ya Ijumaa naifuta sasa hivi, rufaa itasikilizwa upya, na itasikilizwa hotelini, chini, ukumbi wa dansi, mama, ngazi ya kwanza ukishuka. Na ninaliomba Bunge lako tukufu limpigie makofi, kwa sababu katika historia yote ya Kituo cha Haki cha Carrowmurrin ndiye mtu pekee aliyewahi kufika kwa wakati.

(Makofi pande zote. Mwanamke wa roshani hapigi makofi. Ameshika mfuko wa plastiki wenye karatasi, na anamwuliza mzee Packie kitu sikioni. Mzee anatikisa kichwa kukubali, anamwonyesha kwa kidole: mlango uko kule.)