Magego na Upinde wa Gurudumu Moja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku ya furaha! Klabu yetu ya kulenga shabaha inanunua pinde mpya, na haijaamua aina. Bi Mwenyekiti, mpima ardhi mstaafu asiyeamini kitu ambacho hajakipima mwenyewe, ametangaza majaribio ya wiki nzima. Pinde mbili za kisasa, zile zenye magurudumu madogo kwenye ncha yanayosaidia kuvuta. Wangu, wa gurudumu moja. Wa Shemeji, wa magurudumu mawili. Utakaokaa sawa bila kusumbua watu, ndio aina itakayonunuliwa. Na mwenye nao atakuwa mtunza vifaa wa klabu. Atakabidhiwa ufunguo wa karakana.

Ufunguo huo ni wangu. Lazima.

Niandike sababu, maana daftari halina mdomo. Nyumbani bomba likivuja, mke wangu husema, "Mwite kaka." Mlango ukikwama, mwite kaka. Kaka ndiye Shemeji, mwokaji mikate, mtu mpole mwenye mikono mikubwa ambayo haikosei. Na mimi je? Mimi ni fundi wa meno ya bandia! Natengeneza magego yanayosaga mifupa! Klabuni wameniita Magego hadi nimezoea kuitika. Lakini mwezi uliopita bawaba ya miwani yangu ililegea, na mwanamke niliyemwoa akaipeleka kwa kaka yake.

Basi. Imetosha.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mpigaji wa majaribio ni mke wangu, kwa kuwa klabuni hakuna anayemfikia. Asubuhi, tukinywa chai, nilimdokeza kwa upole kwamba kidole cha mtu kinaweza kuteleza, hasa akiwa ameshika upinde wa ndugu yake. Akasema chake hakijawahi kuteleza, na kama nataka chai nyingine, jikoni napajua.

Jioni, majaribio. Tunafanyia kwenye ghala la zamani la mazulia, nyuma ya bwawa la kuogelea; mpaka leo linanuka sufu. Karatasi imewambwa kwenye fremu. Mshale ukipita sawasawa, unaacha tundu la duara. Ukipita mkia juu, unaacha mchano. Wangu: tundu safi! Wa Shemeji: mchano wa urefu wa ukucha. Nusura niimbe.

Bi Mwenyekiti akawaeleza wageni, nami nikatikisa kichwa kila sentensi kama niliyemfundisha. Magurudumu mawili, alisema, ni kama watu wawili wanaopandisha kabati ngazini. Lazima wafike pamoja. Mmoja akichelewa, kabati linainama na mshale unakwenda upande. Upinde wa gurudumu moja hauna tatizo hilo. Kile kijigurudumu cha upande wa pili ni abiria tu. Ila ugwe wake, ile kamba ya kuvutia mshale, ni mrefu, na ugwe mrefu hunyumbuka, hasa ukiwa mpya. Ukinyumbuka, gurudumu linakaa vibaya na mshale unatikisa mkia.

Maneno hayo ya mwisho hayakuwa na ulazima. Ugwe wangu ni mpya.

Shemeji alikuna kichwa, akasema gurudumu lake la juu limekuwa likichelewa siku nyingi na haoni sababu. Anashuku bawa la upinde, ule mkono unaojikunja, limechoka. Nikamwambia, kwa masikitiko makubwa, bila shaka ni bawa.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mpango! Nimejitolea kufagia karakana. Bi Mwenyekiti aliniangalia mara mbili, kisha akanipa ufagio na kwenda zake. Nikafunga mlango. Upinde wa Shemeji ulikuwa umetundikwa ukutani, hauna habari. Nikautia kwenye kibanio, nikakaza mpini mpaka mabawa yakajikunja na kebo, zile nyuzi nene zinazounganisha magurudumu, zikalegea. Nikachomoa ncha ya kebo moja, nikaisokota nusu mzunguko, nikairudisha. Nusu tu. Mimi si mkatili. Gurudumu lililokuwa likichelewa kidogo sasa litachelewa vibaya sana, na kila mtu ataona magurudumu mawili ni kujitafutia maradhi ya moyo. Ukweli ungejitokeza tu siku moja. Nimeuharakisha.

Nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka sikufagia.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Maafa! Mke wangu kauvuta upinde wa Shemeji, kaachia: tundu la duara. Akarudia: duara. Akaenda kwenye shabaha yenyewe, na mishale ikajazana pamoja kama mswaki. Wa mwisho ulikwangua manyoya ya mwenzake. Shemeji aliutazama upinde wake kama mgonjwa ambaye jino limeacha kumuuma kwenye ngazi za daktari.

Nimesokota upande usiofaa. Yaani, unaofaa! Nimemtengenezea mpinzani upinde, bure, kwa mikono yangu, mlango ukiwa umefungwa!

Na wangu? Umeanza kutikisa mkia. Kidogo tu. Bi Mwenyekiti akapima mchano kwa rula na kusema neno moja: "Ugwe."

Njiani mke wangu akauliza mbona nimenuna. Nikasema jino. Akasema anamjua fundi mmoja wa bandia, lakini siku hizi hana raha.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Kazini tuna nta ya rangi ya waridi tunayopangia meno kabla ya kuyamiminia ufizi. Ikipoa, inashika kama kiapo. Nikafikiri: inayoshika meno itashindwa kushika ugwe? Nikaupaka ugwe wote kutoka juu hadi chini, kwa uangalifu. Ulipendeza! Nikauacha upinde kwenye gari, vioo juu, nikaingia kumvalisha meno mzee mmoja mwanakwaya. Akataka kuyajaribu kwa nyimbo zote anazozijua. Anazijua nyingi.

Nje jua lilikuwa kali.

Niliporudi, nta ilikuwa imeshuka na kujaza gurudumu. Kiti cha nyuma, waridi. Na ugwe, kwa joto lile, ukanyumbuka zaidi ya jana. Nimeshinda mchana wote nikikwangua gurudumu kwa vyombo vya meno. Mkubwa wangu wa kazi alipita, akasimama, akauliza mgonjwa anaendeleaje. Nikamwambia ana matumaini.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Mwandiko usinicheke.

Ghala lilijaa. Niliona kwamba kama mke wangu angeanza kupiga, ningekwisha. Kwa hiyo nikajitokeza mwenyewe mbele, nikasema kabla ya yote ningependa watu waone jinsi gurudumu moja linavyovutika kwa ulaini. Nikauvuta. Macho yote yakanigeukia. Nikapata hamu ya kuhutubia. Nikasema: tazameni, hakuna wawili wa kusubiriana, hakuna ugomvi, huu ndio utulivu!

Sasa, kila mtoto anajua: upinde hauachiwi bila mshale. Nguvu yote inayotakiwa kwenda na mshale inarudi kwenye upinde wenyewe. Imeandikwa ukutani kwa herufi nyekundu. Niliziandika mimi, kwa sababu nina mwandiko mzuri.

Kidole kilikuwa na nta. Kikateleza.

Mlio! Ugwe ukaruka, bawa la juu likapasuka, gurudumu likaviringika sakafuni hadi miguuni kwa Bi Mwenyekiti. Akaliangalia, akaandika kitu. Mimi nikaangalia mkono wangu, nikaona kijiti kimesimama ndani yake ambacho asubuhi hakikuwepo. Damu. Nikakaa sakafuni.

Wa kwanza kunifikia alikuwa Shemeji. Hakucheka. Wengine walicheka, yeye hapana. Alivua shati lake, akanifunga mkono, akaninyanyua kama gunia la unga na kunipakia kwenye gari lake la mikate. Njia nzima alikuwa akisema, "Niangalie mimi, shemeji. Usiangalie huko." Nikamwangalia. Ana unga kwenye nyusi. Kumbe hautoki.

Zahanati wakanichomoa kijiti na kunishona. Mke wangu alinishika mkono wa pili.

"Ungesema tu kwamba unautaka ufunguo," akaniambia. "Ungeuomba kama watu wanavyoomba."

Nikamwambia si ufunguo. Ni miwani.

Aliufinya mkono wangu. Kisha akasema taratibu kwamba siku ile alitaka nikirudi niikute tayari, nifurahi. Hakufikiri kitu kingine. Nikageukia ukuta, nikajifanya sindano inauma. Iliuma pia.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Wageni. Shemeji na mkate wa moto kwapani, Bi Mwenyekiti nyuma yake na ule upinde wa magurudumu mawili. Shemeji akaulaza mezani, akaniwekea kidole kwenye ncha ya kebo. Hapo palikuwa na alama ya kidole. Ya nta. Ya waridi.

Kumbe sinawi vizuri hata siku za kawaida! Nikajua nimekwisha.

"Shemeji," akasema, na sauti yake ilikuwa nzito, "nimehangaika na gurudumu hili siku nyingi. Nilikuwa nataka kubadilisha bawa zima. Mtu gani anamtengenezea mpinzani wake upinde katikati ya mashindano, halafu ananyamaza?"

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Nina hakika ni ukweli uliokuwa unakuja. Kikatoka, "Si kitu."

Akanikumbatia upande ule usio na nyuzi. Anakumbatia vizuri. Nilijisikia vibaya kwa muda mrefu kiasi, karibu mpaka mkate ukakatwa.

Bi Mwenyekiti akatoa uamuzi. Klabu itanunua magurudumu mawili: yanadai kusawazishwa, lakini yakishapatana yanatulia, na tangu Alhamisi ule upinde haukugombana tena. Gurudumu moja si baya, ila lisipakwe nta. Na ufunguo apewe aliyejua nusu mzunguko unatakiwa wapi. Akaniwekea mkononi. Nikauchungulia kwa miwani yangu.

Mke wangu alinitazama kwa muda. Anajua! Ananijua tangu meno yake yalipokuwa na mapengo.  Walipoondoka, akaniambia bomba la jikoni linadondosha, niliangalie basi, fundi.

Nimeliangalia. Linadondosha kweli.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Pinde mpya zimefika, zimo kwenye maboksi karakanani. Bi Mwenyekiti ameagiza tuzisawazishe Jumamosi, mimi na Shemeji, pamoja, bila haraka, tukifuata kijitabu cha maelekezo. Nimeitikia.

Halafu nikafikiri. Kwa nini Jumamosi? Kwa nini pamoja? Hebu fikiria sura ya Shemeji akifungua mlango na kukuta zote zimeshapangwa ukutani, kila gurudumu na mwenzake wanafika kwa wakati, kazi ya mkono mmoja wenye bandeji! Nimeaga kazini kwamba kidonda kinanisumbua. Nimejifungia humu. Kijitabu nimekiweka chini ya maboksi. Kimejaa maonyo, kinavunja moyo tu.

Upinde wa kwanza tayari. Unang'aa. Mezani imebaki skrubu moja ambayo sijaona pa kuitia. Nadhani kiwandani huwa wanaweka ya akiba. Waungwana sana hawa.

Sasa wa pili.