Boti ya Uokoaji ya Ikolo Yakabidhiwa Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye gari lake limenasa kwenye tope pale darajani na tunamwombea. Waheshimiwa makamanda wa vikosi rafiki vya kulinda amani, mlioketi upande wa kulia wa kamba ya njano. Waheshimiwa wakurugenzi wa mashirika ya misaada, mlioketi upande wa kushoto wa kamba hiyo hiyo. Wachungaji, mashehe, machifu, wenye maduka wa Kyela mjini, mawakala wa forodha mliotoka Kasumulu bila kualikwa. Na ninyi wananchi wa Ikolo mliosimama juani kwa sababu viti vimekwisha kwa itifaki: mugonile! (Wananchi: "Ndaga!") Mugonile tena! (Wananchi, kwa uchovu: "Ndaga.") Kama kuna kiongozi niliyemsahau, ajihesabu ametajwa, tena wa kwanza.

Ndugu wananchi, mimi Sylvester, Mratibu Mkuu wa Zoezi la Pamoja la Raia na Majeshi katika Misaada ya Kibinadamu, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha ambayo hata mke wangu hajapata kuiona. (Kicheko.) Kwa faida ya wale wanaojifanya hawakumbuki, nikumbushe kwamba mwezi uliopita, kwa siku saba mfululizo, Ikolo hii haikuwa Ikolo, bali ilikuwa Jamhuri ya Bondeni, nchi ya kubuni yenye vita ya kubuni, ambamo askari na watu wa misaada walijifunza kufanya koodinesheni, ili siku wakitumwa kulinda amani katika nchi zenye vita ya kweli wasije wakagongana vichwa mlangoni mwa ghala la chakula. Na ninyi, kwa uzalendo wa kiwango cha lami, mkawaachia ndege mpunga wenu, mkavaa kadi shingoni, mkawa wakimbizi wa mfano, bila posho, kwa makubaliano mamoja tu: kwamba siku ya kufunga zoezi, Ikolo ikabidhiwe boti moja ya uokoaji. Yenye injini! (Makofi marefu, vigelegele. Sauti ya mzee: "Iko wapi?")

Nakuja huko, Mzee Ambilikile. Hotuba ina ngazi zake, huwezi kuruka kutoka ukumbini mpaka darini.

Kwanza takwimu. Asilimia mia moja na nne ya walengwa walifikiwa. (Makofi kutoka viti vya mbele.) Vikao vya stekiholda vilifanyika arobaini na moja, na katika hivyo, arobaini vilikubaliana tarehe ya kikao kinachofuata. Fomu ya Uratibu, ile ya rangi ya waridi, ilijazwa kwa nakala sita, na nathubutu kusema mbele ya makamanda hawa kwamba hakuna nchi yoyote yenye vita, ya kweli au ya kubuni, iliyowahi kuwa na fomu nzuri kama ile.

Msidhani ilikuwa kazi rahisi! Mashirika yalisema, na yana haki, kwamba chakula cha msaada hakiwezi kupanda gari lenye bunduki, maana mwenye njaa akiona bunduki hajui kama analishwa au anakamatwa. Makamanda nao wakasema, na wana haki, kwamba askari wao hawaendeshi gari bila bunduki. Hapo ndipo mimi, baada ya kufikiri siku nzima na nusu, nikatoa suluhisho ambalo leo linaitwa Suluhisho la Sylvester: bunduki zipande gari lake zenyewe! (Makofi.) Ikaonekana kwamba bunduki hazisafiri bila mlinzi. Na mlinzi halindi bila bunduki. Na bunduki ya mlinzi nayo inahitaji gari lake. Tulipofika gari la tisa dizeli ikatuishia, lakini kimsingi, ndugu zangu, kimsingi tulikuwa tumeshinda! (Makofi kiasi. Mbuzi analia.)

Sasa niseme kuhusu siku ya tatu, maana maneno ni mengi huko vilabuni. Ni kweli kwamba siku ya tatu asubuhi mto uliacha njia yake ukaingia kijijini. Mto huo haukuwa kwenye ratiba. Zoezi lilipanga mafuriko siku ya tano, saa nne kamili, baada ya chai. Kwa hiyo maji ya kweli yalipokuja, sisi katika Hema la Uratibu tuliyapokea kwa tahadhari ya kitaalamu, tukauliza: haya ni yetu au si yetu? Na mlipoanza kupiga mayowe juu ya mapaa, waangalizi wa zoezi waliwapa alama tisini na nane kwa uhalisia, alama za juu kabisa kuwahi kutolewa ukanda huu wa ziwa. Jipigieni makofi! (Mtu mmoja anapiga kofi moja, kisha anajishtukia na kuacha.)

Alama mbili zilizopungua zilipotea kwa bibi Anyosisye, mkimbizi namba kumi na nne. Bibi, simama wakuone. (Hasimami.) Kadi ya bibi iliandikwa wazi kabisa: "Mtulivu, haongei." Lakini bibi, akiwa juu ya paa na wajukuu wawili, alipiga kelele mfululizo tangu asubuhi hadi alasiri. Tulimsamehe, kwa kuwa ni mtu mzima. (Bibi Anyosisye: "Mtoto alikuwa anateleza, baba! Ningenyamazaje?") Fidbeki yako imepokelewa, bibi, na itaandikwa.

Lipo pia suala la utovu wa nidhamu, na sitalifumbia macho. Sajenti Eliud, wa vikosi rafiki, wakati mimi nikiwa kwenye kikao cha ishirini na tatu, alivua magwanda yake akabaki na bukta, akamwachia kamanda wake bunduki mkononi kama anayemwachia mtu mtoto, akavuka kamba ya njano bila kibali. Upande wa pili dada Doreen, wa mashirika, akampa maboksi manne ya biskuti bila fomu. Na hao wawili, badala ya kuja hemani, wakamwita mama Angetile, mfanyabiashara aliyekuwa anapita na mtumbwi wake akitoka Lyulilo na vyungu vya kuuza, mtu ambaye hayumo katika orodha yoyote ya stekiholda, na mama huyo akavitupa vyungu vyake vyote majini ili apate nafasi ya kubeba watu! (Vigelegele vya ghafla. Wananchi wanasimama. "Ndaga fijo, mama! Asante sana! Ndaga fijo!") Naomba utulivu. Naomba utulivu, hii si sehemu ya kushangilia, nimeiandika chini ya kichwa cha Changamoto! (Vigelegele vinaendelea. Upande wa kulia wa kamba, askari mmoja anapiga makofi, kisha wote.)

Walivusha watu thelathini na saba, safari sita. Huo, ndugu zangu, ni uratibu ambao haujaratibiwa, na nimeshawaandikia barua za onyo wote watatu. Mama Angetile anasema hajui kusoma, kwa hiyo nitamsomea mwenyewe. (Mzee Ambilikile: "Mratibu, mto umeanza kupanda tena tangu jana! Boti iko wapi?" Wananchi: "Boti! Boti!")

Boti hiyo hapa! Ninashika mkononi, mbele ya kamera, ufunguo wa boti, daftari la safari za boti, na jaketi moja la kuokolea maisha, saizi ndogo. Mzee Ambilikile, njoo upokee kwa niaba ya Ikolo. (Mzee anapokea. Anageuza ufunguo, anatazama upande wa ziwa, anatazama tena ufunguo.) Picha! Tabasamu, mzee! Raia na Jeshi! (Viti vya mbele: "Bega kwa bega!") Misaada! ("Kwa mpangilio!") Boti ya Ikolo! (Wananchi wanatazamana. Mvua inaanza.)

Kwa kumalizia, kabla hatujakimbilia magari, nawashukuru makamanda, nawashukuru wakurugenzi, nawashukuru mafundi wa spika. Lakini shukrani za pekee ni kwa bibi Anyosisye, kwa sababu boti ile tuliyoikabidhi leo, kama mnavyojua ninyi wataalamu, ilikuwa ni pini nyekundu tu kwenye ramani yetu ya zoezi, na tulikuwa hatujui namna ya kuwathibitishia wafadhili kwamba imewahi kufika popote, mpaka bibi huyu, maji yakiwa yamefika kwenye mbao za paa, alipoinua kanga yake akaipungia boti hiyo kwa imani kubwa kiasi kwamba waangalizi watatu waliandika, wakatia sahihi, kwamba boti imefika, na kwamba yeye na wajukuu wake wamo ndani. Asanteni kwa kunisikiliza.